Kutu ya Theluji katika Matope ya Chepkoilel



Barua iliyotufikia juma hili imetoka kwa mama yetu mmoja wa Kisauni. Bintiye ameolewa na mwalimu anayesomesha Chuo Kikuu cha Eldoret, na jamaa hiyo pamoja na watoto watatu imehamia Chepkoilel tangu mwanzo wa mwaka. Wamenunua gari la mtumba lililotoka Japani, kwa akiba ya miaka minne na bila ya mkopo wa riba. Hilo mama amelitaja kwa fahari, nasi twasema mashaallah. Gari lilipofika lilimeremeta. Mwezi wa pili, fundi wa huko alipoliinua kwa jeki ili abadilishe bushi, alikuta sehemu yote ya chini imepakwa rangi nyeusi nzito mfano wa lami, na chini ya rangi hiyo chuma kinabanduka magamba. Paipu za breki za nyuma zimevimba kwa kutu. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kuwa hiyo ni kutu ya kawaida, na kwamba gari lataka kuoshwa tu kila wiki.

Mama anauliza: kutu hii imetoka wapi, ilhali gari halikukaa pwani hata juma moja? Je, kuosha kutafaa kitu? Na matope ya Chepkoilel, ambayo humchafulia bintiye buibui kila anaposhuka garini, yanaiharibu sala yake? Mwishowe anauliza kama yafaa wakwe na wajukuu waje Mombasa kwa gari hilo siku ya Idi.

Kutu hiyo imetoka kwenye theluji. Najua jibu hili litawashangaza wengi wetu. Sisi watu wa pwani theluji tunaitaja katika sala kabla ya kuiona kwa macho, kwani katika mojawapo ya dua za kufungulia sala tunamwomba Mola atutakase na makosa yetu kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Theluji yenyewe ni safi, wala haina ubaya na chuma. Kilicho kibaya ni dawa wanayoitilia wanadamu ili isiwazuie kusafiri, na dawa hiyo ni chumvi.

Chumvi ikichanganyika na maji huyafanya yasigande upesi. Chumvi ya kawaida, ile tunayoijua jikoni, hufanya kazi vizuri mpaka baridi ipungue kama nyuzi kumi chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo watu hutumia kloridi ya kalsiamu, ambayo ina nguvu zaidi. Japani, katika kisiwa cha Hokkaido na katika mikoa ya kaskazini na ya magharibi kama vile Aomori, Akita na Niigata, theluji huanguka kwa wingi mno, na barabara hunyunyiziwa chumvi hizo msimu mzima wa baridi. Zamani Wajapani walitegemea zaidi matairi yenye misumari, lakini misumari ile ilikuwa ikiikwangua lami na kujaza miji vumbi, ndipo ikatungwa sheria ya kuyakataza mwaka 1990. Baada ya hapo matumizi ya chumvi yakaongezeka. Uingereza nako, ambako hutoka baadhi ya magari yanayoletwa Kenya, halmashauri za miji hunyunyiza chumvi ya mwamba inayochimbwa ardhini. Mgodi wa Winsford, katika jimbo la Cheshire, unachimbwa tangu mwaka 1844.

Gari linalopita juu ya barabara hiyo hurushiwa chini yake uji wa theluji na chumvi. Uji huo huingia penye maungio ya chuma, ndani ya mihimili yenye uwazi, juu ya ekseli na nyuma ya madigadi, ukakaa humo. Kloridi ya kalsiamu ina tabia moja ya hila: huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata siku ya jua pale ilipo pana majimaji. Na hapa lipo jambo ambalo mama yetu atalielewa mara moja akilinganisha na nyama ya kwenye friji. Baridi kali huchelewesha kutu kama inavyochelewesha kuoza. Gari lililolala nje kwenye barafu huliwa polepole kuliko lile lililoingizwa na chumvi yake katika banda lenye joto. Sasa chukua gari hilohilo, lipakie melini, lishushe Kilindini penye joto na unyevu wa bahari: chumvi iliyokuwa imelala huamka. Siku chache za bandarini hazikuizaa kutu hiyo, ila ziliichochea.

Ndugu zetu Waswahili walioko Toronto, Minneapolis na miji mingine ya baridi wanalijua jambo hili kwa gharama yake. Kila baridi inapolegea kidogo na maji yakawa hayagandi, utawaona wamepanga foleni mahali pa kuoshea magari, nao humlipia mwoshaji hasa kwa ajili ya maji yanayorushwa kutoka chini. Rangi ya juu si hoja yao. Sisi kwetu ni kinyume: gari likiwa linang'aa ubavuni twaliita safi, na chini hatutazami mpaka fundi atuite.

Mtu ataulizia ukaguzi. Ni kweli kwamba gari la mtumba haliingii Kenya ila liwe na usukani wa kulia, lisiwe limepita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, na liwe limekaguliwa huko litokako na wakala walioteuliwa na KEBS. Lakini ukaguzi huo huangalia kama gari lafaa kutembea siku ile. Kutu iliyoanza leo na itakayotoboa paipu mwaka ujao haimzuii mtu kupewa cheti. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kujitafutia habari mwenyewe, na habari zipo.

Magari mengi ya Japani hupitia mnadani, na mnada hutoa karatasi yenye mchoro wa gari na alama za kasoro zake. Herufi S katika mchoro huo ni kutu, na kwa Kijapani kutu yaitwa *sabi*. Herufi C ni chuma kilicholiwa, jambo baya zaidi. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa kasoro. Mara nyingi mkaguzi huandika pembeni kwa maandishi ya Kijapani kwamba chini kuna kutu, na muuzaji akikutafsiria alama za ubavuni akayaruka maandishi ya pembeni, mwombe ayarudie hayo kwanza. Tazama pia cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje. Humo imo namba ya gari pamoja na jina la mji liliposajiliwa: ukikuta Sapporo, Asahikawa, Aomori, Akita au Niigata, basi jua gari hilo limelelewa kwenye theluji, hata kama lilipakiwa melini Yokohama. Haina maana kwamba usilinunue. Maana yake ni kwamba fundi wako aliinue kabla hujatoa pesa. Na kwa gari la Uingereza jambo ni jepesi zaidi, kwa kuwa serikali yao imeweka wazi kwenye intaneti historia ya ukaguzi wa kila mwaka wa MOT. Ukiwa na namba ya usajili utayasoma maonyo ya wakaguzi kuhusu kutu, mwaka baada ya mwaka, bila ya malipo.

Fundi akishaliinua, aanze na paipu za breki na za mafuta, hasa zinapopita juu ya ekseli ya nyuma, kisha vikombe vya springi, kisha mihimili iliyo chini ya milango. Kutu nyepesi ya rangi ya machungwa juu ya uso wa chuma si tatizo; karibu kila gari la mtumba linayo. Tatizo ni magamba. Agonge kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti nzito kama debe lenye mchanga. Ajaribu kwa ncha ya bisibisi. Na akikuta chini pote pamepakwa rangi nyeusi mpya, ilhali gari lina miaka saba, hapo ndipo aangalie kwa makini zaidi kuliko pengine popote. Rangi ile ikipakwa juu ya kutu haiiponyi. Huifungia pamoja na unyevu wake, ikaendelea kula gizani, na mwenye gari akadhani amelindwa.

Tunarudi kwa bintiye mama yetu, ambaye amekwisha kulipa.

Katika madhehebu yetu ya Kishafi, mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo katika bidhaa kabla hajakabidhiwa, aibu inayopunguza thamani au kuharibu makusudio ya kununua, ana khiyari ya kuirudisha na kupewa pesa zake. Sote tunakijua kisa cha Mtume wetu, swallallahu alayhi wasallam, alipotia mkono wake katika rundo la nafaka sokoni akakuta majimaji ndani, na maneno makali aliyomwambia mwenye nafaka ile kwa kuficha chini kilicholowa na kuweka juu kilicho kikavu. Gari lililopakwa lami juu ya magamba halina tofauti kubwa na rundo lile. Lakini khiyari hii ina sharti ambalo wengi hulipoteza kwa kutojua: ni ya haraka. Aliyeiona aibu kisha akaendelea kuitumia bidhaa kama kwamba ameridhika, au akakaa tu bila ya udhuru, haki yake ya kurudisha huondoka. Kwa hiyo bintiye mama asilitengeneze gari kwanza ndipo adai. Alipige picha chini kote, amwombe fundi amwandikie alichokiona na tarehe, amjulishe muuzaji siku hiyohiyo kwa maandishi kwamba amelikataa kwa aibu hiyo, na gari likae. Muuzaji akikubali kupunguza bei kwa maelewano na wao wakaridhia, hilo nalo ni lao.

Na muuzaji akikataa? Wengi hukimbilia kwa Kadhi, lakini katiba ya Kenya imempa Kadhi mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali binafsi za Waislamu. Mauzo ya gari hayamo. Mashauri haya hupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, wala mtu halazimiki kuwa na wakili. Shekhe wa msikiti aweza kusuluhisha kabla ya kufika huko, na ingekuwa bora kwa pande zote mbili. Zile picha na maandishi ya fundi zitafaa kwa shekhe na kwa hakimu vilevile.

Tuseme sasa wameelewana, bei imepunguzwa, gari limebaki. Paipu za breki zibadilishwe zote kwa pamoja, si ile iliyovimba peke yake, na waombe paipu za mchanganyiko wa shaba na nikeli, kwani hizo hazishiki kutu kama za chuma. Paipu ikipasuka, kanyagio la breki huzama, na gari hupoteza nusu ya nguvu zake za kusimama pale hasa mguu unapoikanyaga kwa nguvu. Chepkoilel yenyewe ni tambarare. Lakini ukitoka Eldoret kwenda Iten, barabara yateremka genge la Tambach kuelekea bonde la Kerio, na ukija upande wa Nairobi utapanda mpaka Timboroa kwenye ukungu kisha ushuke. Gari la watoto watatu halipelekwi huko likiwa na paipu zilizovimba.

Rangi ya lami ikwanguliwe, kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, chuma kipakwe dawa ya kutu na rangi ya msingi, na ndani ya mihimili ipulizwe nta ya majimaji. Kabla ya hayo yote, chumvi iondolewe. Chumvi huyeyuka katika maji matupu. Maji ya vuguvugu ni bora zaidi. Gari lioshwe chini mara tatu au nne katika majuma ya mwanzo, maji yaingizwe katika kila tundu, kisha likaushwe juani. Hapa ndipo muuzaji alipochanganya ukweli na uongo: kuosha huondoa chumvi iliyobaki, lakini hakurudishi chuma kilichokwisha kuliwa. Na msimruhusu mtu kulinyunyizia oili chafu iliyotolewa injini, kama ilivyo desturi katika gereji nyingi za pwani na bara. Oili hiyo hulainisha mipira ya bushi ikaoza, ikifika kwenye breki ni hatari, na mvua ikinyesha huteremka hadi mitaroni na katika mto Sosiani ambao watu wanautumia.

Chepkoilel hakuna theluji. Eldoret iko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari, asubuhi za mwezi wa Julai ni za kuvaa makoti mawili, na mara nyingine mvua ya mawe huanguka ardhi ikawa nyeupe kwa robo saa na watoto wakashangilia. Kisha huyeyuka bila ya mtu kuitilia kitu. Yaliyoko huko ni matope. Mvua huanza Machi na kuendelea mpaka Septemba, ikizidi mwezi wa Aprili na Mei, tena Julai na Agosti. Pale chuoni palianza mwaka 1946 kama kituo cha kuwafunza walowezi kilimo, pakawa chuo cha ualimu, kisha kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi, na hatimaye mwaka 2013 pakapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Lakini ukitoka nje ya lango ukaiacha lami ya barabara ya Ziwa, uko shambani palepale. Ardhi ya mahindi ndiyo hiyo ipandayo kwenye magurudumu.

Udongo hauna chumvi ya kutisha, ila una kazi ya sponji. Ukijazana ndani ya madigadi na juu ya mihimili, hushika maji siku nne tano baada ya mvua kukatika, na chuma kilicholowa siku zote hakina tofauti na kilichofungwa kitambaa kibichi. Kwa hiyo wakati wa mvua, chini paoshwe kila juma, na mwoshaji aanze huko kabla ya kugusa paa. Wale vijana wa karwashi hupenda kuanza juu kwa povu jingi, kwani ndiko mteja anakotazama. Mwambie kwa upole, na umwongezee chochote, kwani kulala chini ya gari kwenye baridi ile si kazi ndogo. Asilenge bomba la nguvu kwenye injini wala kwenye nyaya. Vitundu vidogo vilivyo chini ya milango vizibuliwe kwa kijiti, maana vikiziba mlango hujaa maji kama mtungi.

Saa nayo ina maana. Mvua ya huko aghalabu hunyesha alasiri, kwa hiyo oshea asubuhi jua likishapanda, gari lipate kukauka kabla ya mawingu. Lililooshwa magharibi hulala na maji katika vitasa na mipira ya milango usiku kucha katika baridi. Ukimaliza kuosha, endesha kidogo huku ukigusa breki ili zikauke. Ukiliegesha limelowa na breki ya mkono umeivuta, asubuhi utakuta imenata. Desemba mpaka Februari matope hugeuka vumbi, na hapo kosa ni la kitambaa kikavu: vumbi lile ni mchanga, na kulipangusa bila ya maji ni kuisugua rangi kwa msasa. Sabuni ya unga ya kufulia nayo iachieni nguo, kwani huivua rangi nta yake.

Nimesema udongo hauna chumvi. Chepkoilel chumvi huingia kwa mlango mwingine, nao ni buti. Mwezi wa Machi na Aprili karibu kila mwenye gari huko hubeba magunia ya mbolea ya kilo 50, yawe ya shamba lake au ya jirani, na baadaye hubeba CAN ya kukuzia mahindi, na mwenye ng'ombe hubeba chumvi yao ya kulamba. Huko Tanzania mbolea hizi za viwandani huitwa mbolea ya chumvichumvi, na jina hilo ni la haki: ni chumvi kweli, huvuta unyevu kutoka hewani na hula chuma kama ile ya Hokkaido. Punje zikipenya chini ya zulia la gari hukaa juu ya bati la sakafu, na kutu huanzia ndani ambako hakuna fundi anayetazama. Gunia liwekwe juu ya turubai. Likichanika, punje zifagiliwe kavu mpaka ya mwisho ndipo maji yatumike. Ukianza na maji umeziyeyusha na kuzisambaza kila pembe. Mbolea isikae garini usiku, wala isipande pamoja na watoto.

Zulia lenyewe liinuliwe kila baada ya majuma mawili wakati wa mvua. Viatu vya watu watano huingiza maji mengi, na harufu ya ukungu katika gari lililofungwa vioo kwa baridi haimfai mtoto mwenye pumu. Mikeka ya mpira yenye kingo ni bora kuliko ya manyoya. Kila mmoja awe na gambuti zake, na beseni la kuzitia nyuma ya kiti.

Kuhusu buibui, bintiye mama asijitie wasiwasi. Udongo asili yake ni tahara. Ndio huohuo tunaotayamamia. Matope ya Chepkoilel lakini yamepitiwa na ng'ombe, na kwa madhehebu yetu kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama nyama yake huliwa. Hata hivyo mafakihi wetu wamelitazama jambo hili kwa huruma: matope ya njiani, hata yakijulikana kuwa yamechanganyika na najisi, husamehewa kwa kiasi ambacho kwa kawaida mtu hawezi kukiepuka, na kiasi hicho hutofautiana kwa wakati na kwa mahali pa nguo. Kinachosamehewa msimu wa mvua hakisamehewi wakati wa kiangazi. Kinachosamehewa kwenye pindo hakisamehewi kwenye mkono wa nguo. Akiona kinyesi chenyewe kimeganda, hicho akioshe. Akiona madoa tu ya tope pindoni, sala yake inasihi. Bi Umm Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwahi kuulizwa na mwanamke mwenye pindo refu anayepita mahali pachafu, akamjibu kwa aliyoyasikia kwa Mtume kwamba pale anapopita baadaye hupatakasa. Na wanazuoni wetu wameichukulia habari hiyo kwa uchafu mkavu, wala si ulioloa na kushika.

Kizingiti cha mlango wa gari ndicho kinachompaka tope kila siku, kuliko njia yenyewe. Awe na kitambaa kilicholowa ndani ya mfuko mlangoni, akipanguse kizingiti kabla ya kushuka, na atakuta nusu ya taabu imeondoka. Msala wa safari ukae katika mfuko wake wa kufungika, si juu ya buti. Na kwa kuwa najua swali hili litakuja: mbwa wa ulinzi wa jirani akikojolea gurudumu, huhitaji kuliosha gurudumu mara saba na mchanga ndipo upande gari. Gurudumu halisali. Jihadhari tu usiliguse likiwa limelowa, na likikuгusa basi pale palipoguswa ndipo paoshwe kwa namna ijulikanayo.

Maji ya kuoshea yasiwe ya israfu. Mtume wetu alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na kuoga kwa pishi, yaani vibaba vinne, kile kipimo tunachotolea zakatulfitri. Si hata lita tatu. Gari halioshwi kwa pishi, lakini ndoo nne au tano za maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi zatosha kwa mwili wa gari, na mpira wenye nguvu uachiwe kazi ya chini peke yake. Chepkoilel mabati yanakinga maji ya kutosha miezi sita ya mwaka, na maji ya mvua hayana chumvi, tofauti na ya visima vyetu vingi vya huku pwani, ambayo huacha alama nyeupe juu ya rangi na si ya kuoshea chini ya gari kamwe.

Likabaki lile la Idi. Mama, kutoka Chepkoilel mpaka Kisauni ni kiasi cha kilomita 800, na njiani kuna miteremko niliyokwisha kuitaja. Ikiwa kesi na muuzaji haijaisha, gari lisiguswe, na wajukuu waje kwa basi mpaka Nairobi kisha wapande treni. Ikiwa paipu zimebadilishwa na fundi amezijaribu, waje kwa gari, lakini wasiliegeshe ufukweni Nyali wala Bamburi upepo wa bahari unapovuma, na siku watakayorudi Chepkoilel walioshe chini kwa maji baridi ya huko kabla hawajashusha halua.